Kufuatilia Kazi ya Msanifu wa Makanisa wa Enzi ya Malkia Victoria: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoanza kumtafiti msanifu wa makanisa wa Uingereza wa karne ya 19 huanzia kwenye matao. Wanatazama madirisha yaliyochongoka, wanasoma habari za mtindo wa Gothiki (ule wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati), wanajaza daftari maelezo ya nguzo, na mwisho wa yote bado hawajui mtu huyo alipataje kazi yake ya kwanza. Mimi nashauri uanzie upande wa pili: nani alilipa, nani alimjua nani, na karatasi za malipo ziko wapi. Kanisa la enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) halikusimama bila kamati, barua, kibali cha dayosisi na orodha ya wachangiaji. Matao yatakuja baadaye, na utayaelewa vizuri zaidi ukishajua bajeti ilikuwa ya nani.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni George Edmund Street (1824–1881), kwa sababu maisha yake yana karibu kila jambo utakalokutana nalo kwa wasanifu wengine: uanagenzi, mapadri waliomwamini, mashindano aliyoshindwa, shindano moja kubwa alilopata, kazi za nje ya nchi, na ugomvi juu ya ukarabati. Nitagusa pia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, maana wasomaji wengi wa Kiswahili wamelipita mlangoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha unamfuata mtu mmoja

Usanifu ulikuwa kazi ya kurithishana, na majina yanajirudia mpaka yanachosha. Chukua ukoo wa Scott. Kuna George Gilbert Scott (1811–1878), aliyechora mnara wa kumbukumbu wa Albert Memorial na hoteli ya stesheni ya St Pancras, London. Kuna mwanawe mwenye jina lile lile (1839–1897), na mwanawe mwingine John Oldrid Scott (1841–1913). Kisha anakuja mjukuu, Giles Gilbert Scott (1880–1960), aliyechora Kanisa Kuu la Kianglikana la Liverpool na kile kibanda chekundu cha simu. Ukiona "G. G. Scott" kwenye ramani ya mwaka 1875, huna haki ya kuandika lolote bado. Baba yu hai, na mwana ana umri wa kufanya kazi.

Kwa Mkunazini mtego ni huo huo. Michoro inatajwa kuwa ya C. F. Hayward, yaani Charles Forster Hayward. Zama hizo hizo kulikuwa na John Hayward wa Exeter, msanifu wa makanisa mengi ya Devon na wa jumba la makumbusho la mji huo. Mtu akitafuta kwa jina la ukoo peke yake atawachanganya hawa wawili ndani ya dakika kumi.

Kwa hiyo andika jina kamili, mji wa ofisi na anwani kwa kila mwaka unaoupata. Anwani ndiyo inayotenganisha watu. Saini hubadilika, anwani ya ofisi huchapishwa.

Hatua ya pili: jenga kiunzi cha maisha

Kabla ya jengo lolote, panga miaka. Sensa za Uingereza zilifanyika kila baada ya miaka kumi, na kuanzia ile ya 1841 unaweza kuona mtu aliishi wapi, na nani, na alijitambulisha kwa kazi gani. Kuanzia 1858 kuna kalenda ya kitaifa ya mirathi: itakupa tarehe ya kifo, makazi, wasimamizi wa wosia na thamani ya mali. Taasisi ya wasanifu, RIBA, iliyoanzishwa 1834, ina fomu za wanachama waliopendekezwa, na waliotia saini kumpendekeza mtu mara nyingi ni waajiri wake wa zamani. Fomu hiyo ni karatasi moja tu, lakini inakuonyesha nani alikuwa tayari kumdhamini.

Kiunzi cha Street kinakuwa hivi. Alizaliwa Woodford, Essex, mwaka 1824. Mwaka 1841 aliingia uanagenzi kwa msanifu Owen Carter, Winchester. Mwaka 1844 alihamia London kwenye ofisi ya yule Scott wa St Pancras na mshirika wake Moffatt, akakaa takriban miaka mitano. Mwaka 1850 alifungua ofisi Wantage, mji mdogo tu, na mwaka huo huo akawa msanifu wa Dayosisi ya Oxford. Mwaka 1852 alihamia Oxford, na mwaka 1856 akahamia London. Mwaka 1868 alikabidhiwa kazi ya Mahakama Kuu ya London. Mwaka 1874 alipata Nishani ya Dhahabu ya RIBA, mwaka 1881 akawa rais wa taasisi hiyo, na Desemba ya mwaka huo huo akafariki. Amezikwa Westminster Abbey.

Sasa angalia mahali panapokuuliza swali. Kijana aliyetoka kwenye ofisi kubwa ya London anafuata nini Wantage? Jibu halimo kwenye kitabu chochote cha mitindo. Kasisi wa Wantage alikuwa William John Butler, mtu wa mrengo wa Kanisa la Juu (Waanglikana wanaothamini ibada za sherehe na mapokeo ya kale) aliyekuwa na nyumba ya kasisi na shule za kujenga. Askofu wa Oxford alikuwa Samuel Wilberforce, aliyetaka dayosisi yake ijengwe upya, makanisa na shule pamoja. Chuo cha mapadri cha Cuddesdon, kilichofunguliwa 1854, ni matunda ya uhusiano huo. Street alihamia alipo mteja. Ukimpata Butler wa msanifu wako, umepata nusu ya kazi zake za miaka ya mwanzo.

Hatua ya tatu: fungua orodha ya majengo, lakini uigawe

Usiandike orodha moja ndefu. Kazi ya msanifu wa makanisa ilikuwa ya aina nyingi: kanisa jipya, ukarabati wa kanisa la kale, kuongeza ubavu au mnara, madhabahu na samani, shule, nyumba ya kasisi, makaburi, michoro ya shindano aliloshindwa, na michoro iliyokubaliwa lakini haikujengwa kwa kukosa fedha. Kila aina iwe na safu yake. Mashindano aliyoshindwa nayo yaingizwe, maana shindano lililopotea hueleza mengi kuliko kanisa dogo lililokamilika.

Kwa kila jengo andika mambo haya: mahali, aina ya kazi, mwaka wa jiwe la msingi, mwaka wa kuwekwa wakfu, mlipaji, mkandarasi, gharama kama imetajwa, na ulikoipata habari. Mfano wa kadi moja: Kanisa la St James the Less, Pimlico, London. Jipya. 1859–1861. Walipaji: mabinti wa marehemu Askofu James Henry Monk, kwa kumkumbuka baba yao. Matofali mekundu yenye mistari ya matofali meusi. Kadi hiyo fupi inakwambia kwamba hapakuwa na kamati ya kubana senti. Ndiyo maana jengo lina ujasiri ule, na mnara wake umesimama pembeni kama wa Italia. Street alikuwa ameshachapisha kitabu juu ya matofali na marumaru ya kaskazini mwa Italia mwaka 1855. Mteja mwenye fedha alimpa nafasi ya kuyatenda aliyoyaandika.

Tarehe za jengo zisichanganywe. Jiwe la msingi, ibada ya kwanza na kuwekwa wakfu huweza kuachana kwa miaka. Magazeti na waongoza watalii huchukua yoyote iliyo karibu na mkono.

Hatua ya nne: fuata fedha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mwaka 1818 Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni moja kwa ajili ya kujenga makanisa, na mwaka 1824 likaongeza nusu milioni. Mwaka huo wa 1818 kikaanzishwa pia chama cha hiari cha kusaidia ujenzi wa makanisa, Incorporated Church Building Society, kwa kifupi ICBS. Fedha za serikali ziliisha, chama kikaendelea. Parishi iliyotaka msaada wake ilijaza fomu: idadi ya wakazi, viti vilivyopo, viti vitakavyoongezwa, vingapi vitakuwa vya bure, makadirio ya gharama, na jina la msanifu. Fomu iliambatana na ramani. Majalada hayo yanahifadhiwa katika Maktaba ya Lambeth Palace, London, na ramani nyingi zimewekwa mtandaoni bila malipo. Ukiwa Mwanza au Muscat unaweza kuanza leo.

Jinsi ya kusoma ramani ya ICBS: usitazame kwanza umbo la kanisa, tazama viti. Kila safu ina hesabu yake. Enzi hizo familia zenye uwezo zilikodi viti vyao kwa mwaka, na maskini walibaki na vya bure, mara nyingi nyuma au pembeni. Chama kilitoa fedha kwa sharti la kuongeza viti vya bure. Kwa hiyo ukiona msanifu amebana njia ya katikati au ameondoa ghorofa la viti vya mbao, si lazima iwe imani yake juu ya usanifu. Huenda alikuwa anatafuta hesabu itakayompa mteja wake ruzuku. Linganisha ramani ya maombi na kanisa lilivyo: pale zinapotofautiana, kuna mtu alikata kitu, na barua ndani ya jalada mara nyingi itakwambia ni nani.

Sarafu ya zamani itakusumbua mpaka uizoee. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, na gini ni shilingi 21. Ada ya msanifu kwa desturi ilikuwa asilimia 5 ya gharama ya ujenzi. Kanisa la pauni 3,000 lilimpa kama pauni 150, kabla hajalipa makarani na nauli za treni. Piga hesabu hiyo kwa kazi zote za mwaka mmoja uone kama mtu wako aliishi kwa makanisa peke yake. Mara nyingi utakuta hapana: zilikuwepo shule, nyumba za matajiri, hata hoteli. Yule C. F. Hayward wa Mkunazini ndiye aliyechora hoteli ya Duke of Cornwall, Plymouth, miaka ya 1860.

Nyaraka za pili kwa thamani ni vibali vya dayosisi. Kubadilisha kanisa la Kianglikana Uingereza kulihitaji, na bado kunahitaji, kibali cha mahakama ya dayosisi. Jalada la kibali huwa na ombi, maelezo ya kazi, michoro, na pingamizi kama zipo. Pingamizi ndizo tamu: mwenye kiti chake cha ukoo hataki kihamishwe, na analeta vizazi vyote vilivyokikalia. Majalada haya kwa kawaida yako kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, pamoja na daftari za vikao vya parishi na hesabu za wazee wa kanisa. Andika barua pepe fupi kwa mtunza nyaraka ukitaja jina la parishi na miaka, usitaje jina la msanifu peke yake, maana majalada hupangwa kwa parishi.

Hatua ya tano: magazeti, kwa tahadhari

The Builder, gazeti la kila wiki lililoanza miaka ya mwanzo ya 1840, lina matangazo ya zabuni, matokeo ya mashindano na michoro. Magazeti ya mikoa yaliripoti siku ya jiwe la msingi na siku ya wakfu karibu kwa mtindo mmoja: mawe yalitoka machimbo gani, mkandarasi nani, viti vingapi, gharama kiasi gani, nani alitoa kengele, na chakula cha mchana kililiwa hemani kwa nani. Tafuta kwa jina la kijiji, si la msanifu, maana waandishi walilikosea au waliliacha kabisa. Mkandarasi hakusahaulika, alikuwa mwenyeji.

The Ecclesiologist ni kitu kingine. Lilitolewa kati ya 1841 na 1868 na chama kilichoanzishwa Cambridge mwaka 1839, chama kilichoamini kwamba Gothiki ya karne ya 14 ndiyo usanifu sahihi wa Kikristo. Liliwasifu wasanifu waliopendwa na chama, hasa William Butterfield na R. C. Carpenter, na kuwachapa wengine bila huruma. Kanisa la All Saints, Margaret Street, London, la Butterfield, lililowekwa wakfu 1859, lilikuwa mradi wa mfano wa chama chenyewe. Kwa hiyo ukisoma sifa zake humo, unasoma mwenye mali akisifia mali yake. Soma gazeti hilo kujua nani alikuwa ndani na nani nje. Hukumu ya ubora wa jengo itafute kwingine.

Hatua ya sita: chora mtandao wa ofisi

Ofisi ya msanifu ilikuwa shule. Mwanagenzi au baba yake alilipa ili apokelewe, akanakili michoro, akapima makanisa ya kale, na akitoka anabeba mkono wa bwana wake. Chora mti: juu waliomfundisha, chini aliowafundisha. Ofisi ya Scott mkubwa iliwatoa Street na G. F. Bodley. Ofisi ya Street, Oxford, ndiko msanifu Philip Webb na William Morris, baadaye msanii mashuhuri, walikokutana mwaka 1856, na baadaye msanifu Norman Shaw akaingia alipotoka Webb. Ukilijua hilo hutashangaa kukuta kanisa la Kimarekani la St Paul's Within the Walls, Roma, lililojengwa na Street miaka ya 1870, lina picha za vijiwe vya rangi za mchoraji Edward Burne-Jones, rafiki wa Morris tangu ujana.

Mti huu unafika hata kwetu. Scott mdogo alimfundisha Temple Moore (1856–1920). Moore naye akamfundisha Giles, mtoto wa mwalimu wake. Na Moore ndiye aliyechora Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, yeye akafariki 1920, na jengo lilikamilika 1952. Mwenye kusali pale yuko hatua mbili tu kutoka ofisi ya Scott wa St Pancras.

Hatua ya saba: tenganisha aliyechora na aliyeharibu

Ukarabati ndio sehemu yenye maneno mengi. Makanisa ya kale ya Uingereza karibu yote yaliguswa katika karne ile, na maandishi ya kumbukumbu husema kwa ufupi tu "limekarabatiwa na fulani". Limekarabatiwa vipi? Kupiga lipu upya na kubomoa upande mzima wa mashariki si jambo moja. Kanisa Kuu la Christ Church, Dublin, ni somo tosha. Street alilifanyia kazi miaka ya 1870 kwa fedha za Henry Roe, mtengeneza wiski, zilizozidi pauni 200,000. Alibomoa sehemu ndefu ya mashariki iliyojengwa karne ya 14, akajenga nyingine fupi aliyoamini inafanana na ile ya awali, na akaongeza jumba la sinodi lenye daraja juu ya barabara. Unachokiona leo ni cha Street kwa kiasi kikubwa. Kwa maoni yangu alivuka mpaka, ingawa bila fedha za Roe huenda jengo lingeendelea kuchakaa.

Mwaka 1877 Morris na Webb, wale wale waliopita ofisini kwake, walianzisha chama cha kupinga ukarabati wa namna hiyo. Kwa kila jengo, basi, tafuta mchoro au picha ya kabla. Ikikosekana, maelezo ya kazi kwenye jalada la kibali ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya nane: kazi za ng'ambo

Hapa mambo hugeuka, kwa kuwa msanifu mara nyingi hakuwepo. Kanisa la kumbukumbu ya vita vya Crimea, Istanbul, lilishindaniwa mwaka 1856. William Burges alikuwa wa kwanza, Street wa pili. Michoro ya Burges ilishindikana kwa gharama, na mwaka 1863 kazi ikahamia kwa Street. Likawekwa wakfu 1868. Mtu anayetafuta kwenye orodha za washindi peke yake hatamwona mjenzi halisi.

Mkunazini ni pagumu zaidi, na ndipo pazuri kwa Mswahili kujifunzia, maana anaweza kwenda na kugusa ukuta. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na mwaka huo huo ujenzi ukaanza pale pale. Hayward alikuwa Uingereza. Aliyesimama juani na mafundi alikuwa Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), askofu tangu 1874, na paa lile la kuba refu, la mawe ya matumbawe na saruji, linahesabiwa kuwa wazo lake. Kwa hiyo ukiandika "msanifu: Hayward" umesema kweli pungufu. Gawa sifa mara tatu: aliyechora, aliyeamua, na mafundi waliojenga, ambao majina yao utayatafuta kwenye hesabu za mishahara kama zimebaki.

Wageni wa Mkunazini huambiwa pia kwamba nguzo fulani zilisimamishwa kichwa chini Steere akiwa safarini. Huenda ni kweli. Iandike kama masimulizi mpaka upate barua ya wakati ule. Nyaraka za UMCA ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford. Za misheni nyingine ya Kianglikana, CMS (Church Missionary Society), iliyofanya kazi Mombasa na Uganda, ziko Birmingham. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar ipo Kilimani. Na usidhani kila kanisa la zamani la pwani lina msanifu wa London nyuma yake: Kanisa Kuu la Mombasa la 1905 lilichorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa serikali aliyekuwa Zanzibar.

Hatua ya tisa: nenda kwenye jengo, kisha uandike

Sasa ndiyo zamu ya matao. Nenda asubuhi, mwanga ukiingia kutoka upande wa madhabahu. Tafuta mahali ukuta unapobadilisha rangi ya chokaa au ukubwa wa jiwe; hapo fedha ziliisha na zikarudi. Angalia vyuma vya mlango na bawaba zake. Street alisifika kwa kuchora karibu kila kitu kwa mkono wake, mpaka vyuma, na tabia hiyo ilimgharimu: kazi ya Mahakama Kuu ilimtafuna miaka yake ya mwisho, jengo likafunguliwa Desemba 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, likimaliziwa na mwanawe Arthur. Katika orodha yako miaka hiyo itaonekana kupungua makanisa. Usiseme ameshuka kipaji kabla hujaangalia alikuwa na kazi gani nyingine mezani.

Unapoandika, weka kila jengo kwenye daraja moja kati ya matatu: lenye karatasi yenye jina lake, lililotajwa na gazeti la wakati ule, na lile linalohusishwa naye kwa mtindo tu. La tatu lisiingie kwenye jumla. Ukitaka kuchapisha picha za ramani, omba ruhusa ya hifadhi kwanza na uliza ada, kwani namba ya jalada wataitaka hata kabla ya jina lako. Nakala moja ya kazi yako iliyokamilika ipeleke ofisi ya parishi, iwekwe pamoja na daftari za vikao.